Mstari wa Bluu

Inspekta alikuwa hajakaa tangu saa mbili asubuhi, na haikuwa bidii ya kazi. Kwanza, ilikuwa siku yake ya kumi na tisa bila sigara. Pili, chumba kile cha kuchorea hakikuwa na kiti. Kulikuwa na meza iliyojaa mirija ya rangi iliyokamuliwa mpaka shingoni, kabati la mbao, kioo kikubwa ukutani, vioo viwili vya pikipiki vilivyofungwa kwa waya pembeni yake, na picha moja juu ya kiegemeo. Kiti hakuna. Sajenti, mtu mrefu mwenye mapenzi ya dhati na viti, alikwishazungusha macho mara moja kukitafuta.

"Saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tatu na dakika kumi, afande. Ulipouliza mara ya mwisho ilikuwa tatu na tano."

Saa nane mchana mwendesha mashtaka angelitaka jalada mezani kwake. Akilikuta kama lilivyo, dada wa marehemu angesomewa shtaka la kumuua kaka yake siku hiyo hiyo, na mtu akishasomewa shtaka kama hilo kumtoa ni kazi ya miaka. Kila mtu kituoni aliliona jalada limenyooka. Inspekta peke yake ndiye lililokuwa likimwasha, na alikuwa bado hajui linamwasha wapi.

Marehemu alikuwa mchoraji. Mtaa mzima ulimwita Vipande, kwa sababu ya mtindo wake wa kumkata mtu vipande vipande kwenye turubai. Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, mlinzi alimkuta amelala chini ya ngazi ndani ya ghala la picha, mwendo wa dakika kumi kutoka pale, kichwa kimepigwa na kitu kizito. Leo ilikuwa Jumamosi. Daktari alisema alikufa wakati wowote kati ya saa nane na saa kumi na mbili, na asibanwe zaidi ya hapo. Lakini fundi cherehani wa ghorofa ya chini alisikia viatu vyake juu ya dari kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja. Basi Vipande alikuwa hai mpaka saa kumi na moja, akaenda ghalani, akauawa. Mwenye ghala, wakala aliyekuwa akimuuzia picha zake, alikuwa mkutanoni na watu kumi na mmoja tangu saa kumi mpaka saa moja usiku. Akabaki dada mtu, aliyekuwa akiishi na kaka yake nyumba moja, na aliyeonekana saa kumi na moja na robo akivuka barabara mbio mbio kuelekea ghalani.

"Yeye anasema alilala mchana kutwa," Inspekta alisema, akitembea. "Akaamka, akaona kaka yake amechelewa kurudi, akaenda kumtafuta ghalani, akakuta pamefungwa, akarudi."

"Uongo mtupu."

"Uongo, sawa. Lakini mbona wa kijinga hivyo? Kama kaka mtu alikuwa humu mpaka saa kumi na moja, saa kumi na moja na robo unamtafuta wa nini? Mtu hata soli hazijapoa."

"Ndiyo maana tumemkamata, afande."

Inspekta alizidi kutembea. Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa VUA VIATU, VUMBI HALITOKI KWENYE RANGI, na chini yake jozi moja ya mitalawanda, viatu vya mbao vya kuvalia humo ndani tu. Yeye alivaa hiyo. Sajenti alibaki na soksi, moja ina tundu. Kila Inspekta alipopiga hatua mbao za sakafu zililia ko, ko, ko.

Alirudi mbele ya picha.

Ukisimama mbali uliona mtu. Ukisogea uliona fujo. Paji la uso lilitazamwa kutoka mbele, pua kutoka pembeni, kidevu kutoka chini. Mchoraji alikuwa amejizunguka, akakusanya kila alichokiona, akakipanga pamoja bila kumwomba mtu ruhusa. Macho yalikuwa mawili lakini hayakuwa na safari moja: moja lilikutazama wewe, la pili lilitazama ncha ya brashi. Sikio lilikaa peke yake juu ya bega. Mkono wenye brashi ulikatwa mara tano, na katikati ya vidole ulichungulia mlango, kitasa, na nondo za dirisha. Rangi zilikuwa kahawia, kijivu, kijani kilichofifia na nyeupe nene ya kupakwa kwa kisu.

"Mimi ningejiona na sura hiyo," Sajenti alisema, "ningekwenda hospitali, si kujichora."

Inspekta alikuwa ametandaza karatasi ya mraba juu ya meza na kuinakili picha kipande kwa kipande, kila kimoja na namba yake, na pembeni ameandika ni kitu gani na jicho lilikuwa wapi lilipokiona. Vilifika thelathini na vinne. Alishika njiti ya kiberiti, ambayo tangu ameacha sigara ilikuwa haina kazi nyingine, akagusa kahawia pembezoni. Imekauka. Akagusa nyeupe ya shavuni. Juu palikuwa na ngozi nyembamba, chini bado laini.

"Hii ilipakwa Alhamisi," alisema.

"Basi inalingana na viatu."

"Inalingana. Sasa niambie, hapa kwenye ndewe ya sikio kuna nini?"

Sajenti aliinama. "Nzi?"

"Tundu la hereni."

Alipiga simu chumba cha maiti, akasubiri huku akizunguka meza, akauliza, akajibiwa. Masikio ya marehemu hayakuwa na tundu lolote zaidi ya yale aliyozaliwa nayo.

"Afande," Sajenti alisema kwa upole, "kwa mtindo huu sikio linaweza kuota mkia na wakili asiseme neno. Huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa sikio."

Alisema kweli, na hilo lilimuudhi Inspekta zaidi. Tena kulikuwa na kipande cha ishirini na mbili. Vingine vyote aliviandikia jina. Hiki alikiandikia alama ya kuuliza. Kilikuwa mstari mwembamba wa bluu, umenyooka, urefu wa shubiri moja, umelala juu ya bega karibu na ukingo wa picha. Hakuna bluu nyingine kwenye turubai lote. Alikuwa amekitazama mara kumi na bado hakijui.

Hatua zilipanda ngazi. Aliyeingia alikuwa yule wakala, mwenye ghala, ambaye watu walimwita Bwana Koti kwa sababu jua liwake au mvua inyeshe hakuna aliyewahi kumwona bila koti lake la kahawia. Leo alivaa la kijivu, bado lina mikunjo ya dukani. Mkononi alibeba blanketi laini. Alisoma kibao, akavua viatu kwa heshima.

"Pole sana kwa msiba, Bwana Koti," Inspekta alisema.

"Asante, afande. Pole yetu sote." Akainua blanketi. "Nimekuja kuiokoa picha. Nyumba haina mtu sasa, na kwa makubaliano yetu na marehemu, kazi ikimalizika inakuja kwangu."

"Umeshaiona?"

"Ndiyo kwanza naiona."

Lakini macho yake, yalipofika kwenye picha, hayakwenda usoni kama macho ya kila mtu. Yalikwenda chini, kona ya kulia, yakakaa hapo kidogo, ndipo yakapanda.

"Unaionaje?"

"Mkono wa miaka yake ya mwisho," alisema Bwana Koti, na sauti ikapata joto la kuuzia. "Miaka miwili hii alipata nguvu mpya. Tazama mistari ilivyosimama. Hakuna mwingine anayeweza."

"Hajaweka sahihi."

"Hajaweka." Lilitoka haraka. "Wiki hii alikuwa na vijimambo vyake."

"Wiki hii mlionana?"

"Kwa simu. Jumatatu."

"Alhamisi je?"

"Alhamisi nilikuwa mkutanoni. Nimesema mimi, wamesema na watu kumi na mmoja."

"Mkutano ulianza saa kumi."

"Na yeye alikuwa hapa hapa akichora mpaka saa kumi na moja. Si ndivyo alivyosema fundi?"

Inspekta aliliweka hilo moyoni. Mtu huyu alibeba ushahidi wa mwenzake mdomoni kwa wepesi zaidi kuliko wake mwenyewe.

"Koti jipya," Sajenti alisema, kwa kutia maneno tu.

"Lile liko kwa dobi."

"Picha itabaki," Inspekta alisema. "Nyeupe bado mbichi. Ukiifunga na blanketi utaondoka na shavu."

Bwana Koti alicheka kidogo, akavaa viatu, akashuka na blanketi lake. Inspekta alisikiliza mpaka mlango wa chini ulipofungwa, kisha akaanza tena kutembea. Hatua saba mpaka dirishani, anasimama, anageuka. Hatua saba mpaka kwenye picha, anasimama, anatazama ule mstari. Anarudi. Alitamani sigara kiasi cha kutafuna njiti. Saa tano ikapita akiwa hivyo.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Alikuwa fundi wa chini, mama wa makamo, utepe wa kupimia shingoni, mkono umeshika kifua.

"Mtaniua," alisema. "Nimesikia viatu nikadhani amerudi."

Inspekta alisimama pale pale. "Umesikia nini hasa, mama?"

"Si mitalawanda hiyo. Saba mbele, kimya. Saba nyuma, kimya. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Anapaka, anarudi nyuma kutazama, anakwenda kupaka tena. Mimi nimeishi chini ya viatu hivyo miaka kumi na minne."

"Na Alhamisi?"

"Hivyo hivyo. Hata kukaa hakukaa."

"Ulimwona?"

"Cherehani yangu inatazama ukuta, afande. Nilimsikia."

"Ukajuaje ni yeye?"

Fundi alimtazama kwa huruma, kama amtazamavyo mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Si ndiye mchoraji?"

Inspekta alitazama miguu yake mwenyewe. Jozi moja mlangoni. Anayeingia ndiye anayeivaa. Alihisi damu ikimpanda masikioni, maana swali lililofuata lilipaswa kuulizwa Alhamisi usiku na hakuna aliyeliuliza, yeye mwenyewe akiwemo.

"Kwa macho yako, mama, siyo kwa masikio. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini?"

"Alhamisi hiyo hiyo, saa saba kamili. Alipita nimfunge kifungo cha shati."

"Umfunge?"

"Mikono ilikuwa haimsikii tena, masikini. Mwaka wa pili huu. Ukimpa chai, nusu inakuwa ya sakafu. Mashati yake yote nimetoa vifungo nikatia vile vya kubonyeza, lilibaki moja la kutokea."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza habari za viatu."

Sajenti alikohoa, akatazama soksi yake.

"Alikuwa anakwenda wapi na shati la kutokea?"

"Kwa Bwana Koti, ghalani. Alinikuta nakata herufi za kile kitambaa cha maonyesho yao ya mwezi ujao, akaniambia niongeze jina jingine. Akasema, naenda kumwambia Koti sasa hivi, leo atapandisha kola mpaka masikioni. Akacheka. Basi saa saba na nusu nikasikia viatu juu, nikasema, amesharudi, hawakuelewana."

Sajenti ndiye aliyeanza, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kama hakurudi..."

"Ngoja. Mama, nakuomba ukaniletee hicho kitambaa, kama kilivyo, na pini zake."

Fundi aliposhuka, Inspekta aliikabili picha upya. Mikono isiyoweza kufunga kifungo, na huku mistari imenyooka kama ya rula. Mbele ya kiegemeo, sakafuni, palikuwa na alama ya msalaba wa chaki, imefutika nusu: mahali pa kusimama, ili vioo visidanganye. Asubuhi nzima alikuwa akiuruka kwa adabu. Sasa alisimama juu yake, akatazama kwenye kioo kikubwa.

Alijiona. Kwenye kioo cha pikipiki cha kulia alikuta nondo za dirisha, zimekatwa pale pale zilipokatwa kwenye picha. Kwenye cha kushoto, kitasa. Huyu mtu hakubuni chochote. Kila kipande alikiona kwa macho, akakiweka. Inspekta alipandisha jicho juu ya bega lake mwenyewe ndani ya kioo. Kabati lilikuwa nyuma yake. Na kwenye ukingo wa juu wa kabati, mstari mwembamba wa bluu, urefu wa shubiri.

Hakugeuka. Aliogopa utapotea.

"Sajenti. Daktari ameandika marehemu ana urefu gani?"

"Futi sita."

"Na wewe?"

"Sita na kidogo, tukikubaliana na mama yangu."

"Vaa hii mitalawanda, simama hapa, tazama kwenye kioo. Juu ya kabati kuna nini?"

Sajenti alijipenyeza kwenye viatu kwa taabu, visigino vikabaki nje. "Sinia," alisema. "La bluu. Limelazwa. Lina maua mekundu katikati."

"Maua?"

"Matatu."

"Mimi sikuona maua. Nimeona ukingo tu."

Walitoka mpaka kwenye ngazi, ambako palining'inia picha nyingine ya Vipande akijichora, ya miaka kumi na miwili iliyopita, sahihi kubwa kona ya kulia. Walikuwa wameipita kila walipopanda na kushuka. Sura ilikatwa vile vile, dirisha lilikatwa vile vile. Na juu ya bega kulikuwa na vipande vitatu vya bluu, vipana, kila kimoja na ua lake jekundu.

"Jicho lake lilikuwa juu kuliko kabati," Inspekta alisema. "Hata amkate mtu namna gani, sinia alilitazama kutoka juu. Aliyechora ile ya ndani hajawahi kuyaona maua akiwa amesimama pale. Ni mtu wa kimo changu."

"Labda marehemu aliinama."

"Kwa muda wa saa tatu na nusu, saba mbele, saba nyuma, ameinama?"

"Au alikaa."

"Juu ya nini?"

Sajenti alichungulia ndani, akazungusha macho kutafuta kiti kwa mara ya pili siku ile.

Walirudi ndani, Inspekta akainua kalamu kwa mkono wa kulia mbele ya kioo. Kalamu ikaonekana upande wa kulia. Kwenye picha ya ngazini brashi ilikuwa kulia. Kwenye ile mbichi ilikuwa kushoto. Hakuhitaji kusema, Sajenti alikuwa ameshaanza kujikuna kidevu.

"Dada mtu aliweka sahihi maelezo yake kwa kushoto," alisema polepole. "Nilimsogezea karatasi. Na lile doa la kahawia tulilolikuta kwenye blauzi yake tulipomkamata, ambalo maabara walisema rangi, si damu..."

"Mkono gani?"

"Kushoto. Nami ndiye niliyesema, anaishi na mchoraji, rangi haiwezi kukosa." Uso wa Sajenti ulikuwa umemshuka. "Afande, basi ile si picha ya marehemu kabisa. Ni yake yeye. Wamefanana tu."

Fundi alirudi na kitambaa kimekunjwa mikononi. Inspekta alikifungua juu ya meza. Herufi nyeusi zilishikizwa kwa pini, hazijapigwa cherehani bado. Majina yalikuwa mawili. La chini lilikuwa la kaka. La juu, kwa herufi kubwa zaidi, lilikuwa la dada.

"Alisema liwe juu," fundi alieleza. "Nikamwuliza mara mbili."

Saa saba na robo walikuwa kituoni. Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti vitatu, na Sajenti alikimbilia kimoja. Dada wa marehemu aliletwa, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, masikioni hana hereni maana walizichukua mapokezi. Alikaa, mikono ameibana chini ya mapaja. Inspekta alibaki amesimama.

"Dada, nitakuuliza tena. Alhamisi, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja, ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Nililala."

"Na kaka yako?"

"Alikuwa anachora."

"Kwa mikono ipi?"

Nje mtu aliburuta benchi. Yule mwanamke alitazama ukuta, na alipozungumza sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hasira, ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito na hataki kukitua.

"Kaka yangu ni mchoraji, afande. Alinishikisha brashi nina miaka sita. Kila alichokuwa nacho duniani ni lile jina. Ameshakufa. Mniache mimi humu ndani, yeye mumwachie jina lake."

"Sina haja na jina lake. Nina haja na viatu vyake." Inspekta alizunguka meza, akarudi. "Fundi alisikia viatu mpaka saa kumi na moja. Wewe ukasema, kaka yangu alikuwa anachora. Kwa maneno yenu ninyi wawili, kaka yako yuko hai mpaka saa kumi na moja. Bwana Koti yuko mkutanoni tangu saa kumi. Umeelewa hapo?"

"Nimeelewa."

"Sasa kama viatu vilikuwa vyako, kaka yako alikuwa wapi tangu saa saba?"

"Alitoka. Alisema anapunga upepo."

"Alikwenda ghalani kwa Koti. Na shati la kutokea."

"Koti aliniambia hawakuonana."

"Ndiyo. Na anayemsaidia kusema hivyo ni wewe, leo siku ya tatu."

Inspekta hakupenda alichokiona usoni mwake. Aliwahi kuwapa watu habari za vifo, lakini hii ilikuwa mbaya zaidi ya kifo, na alijisikia vibaya kwa kweli, akatamani kuwe na njia nyingine ya kulisema. Haikuwapo. Alitandaza kitambaa mezani, akakisogeza.

"Hili jina la juu alimwagiza fundi aliongeze siku hiyo hiyo. Halafu ndipo akaenda kumwambia Koti."

Mwanamke alisoma. Alisoma tena. Mkono wa kushoto ulitoka chini ya paja, ukagusa herufi ya kwanza ya jina lake, ukaifuata mpaka kwenye pini.

"Nilimkataza," alisema. "Wiki nzima namkataza. Nilimwambia, mimi jina silitaki, mimi nataka kuchora tu."

"Hakukusikia."

"Hajawahi kunisikia." Machozi yalimshuka bila sauti, naye hakuyafuta. "Koti ndiye aliyepanga tangu mwanzo. Mikono ilipoanza kutetemeka akasema, dada atachora, wewe utatia sahihi, nani atajua. Kaka anaweka sahihi, mimi namshika kiwiko. Miaka miwili. Hii ya sasa akakataa. Alisema sura si yake, hawezi kuisaini."

Sajenti alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimtazama.

"Kamlete Bwana Koti. Na upite kwa dobi kwanza. Kama lile koti la kahawia halipo huko, ulitafute mpaka ulipate kabla hajajua unalitafuta."

Sajenti aliondoka, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kusikitika kuacha kiti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika ishirini. Inspekta alivuta kile kiti, akakaa. Miguu ilimuuma yote miwili na alikuwa hajatambua mpaka dakika hiyo. Akafungua ukurasa mpya.

"Naandika upya," alisema. "Alhamisi, saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja. Ulikuwa wapi, na ulikuwa unafanya nini?"

Mwanamke alitoa na mkono wa pili, akaiweka yote miwili mezani. Chini ya kucha za kushoto bado kulikuwa na nyeupe.

"Nilikuwa juu, chumba cha kuchorea," alisema. "Nilikuwa najichora."

Inspekta aliandika maneno yake yote kama alivyoyasema, akageuza karatasi, akampa kalamu. Mwanamke aliishika muda mrefu bila kuandika. Kisha akaweka sahihi yake kona ya kulia, chini, mahali ambapo kaka yake alikuwa akiweka ya kwake.